Thon ya mu Bassin

Jumatatu, tarehe 4 novemba 1974, Hewa Bora

Ngosa ametoka kutumbukiza kiatu yake mu bassin, ile beseni yetu kubwa ya kuogea, sasa hivi, mbele ya macho yangu. Anapiga makofi. Eti kiatu inaogelea! Miaka mbili tu, na tayari ana akili ya mambo ya mayi. Nimemupiga kidogo. Nimemubusu. Nimemubusu tena.

Lakini bassin iko na kazi ingine sasa. Niandike muzuri.

Barua imefika toka Kilwa yetu ya ku ziwa, kwa bavuvi. Mama mukwe, mama ya Rigobert bwana yangu, anasema Ngosa ameachishwa kunyonya, basi anakuja kumuchukua akamulee kule. Eti hapa mujini mutoto anakula bukari, ugali tu, na mboga ya majani, ku Kilwa samaki mubichi iko kila siku. Anafika na kamyo ya mizigo Jumamosi ya wiki ijayo. Rigobert amesoma, amekunja barua, amesema mama yake hakosei. Baba gani huyu!

Mutoto wangu? Ku Kilwa? Na mimi nitamubusu nani?

Kubishana na mama mukwe, hapana. Haifanyiki. Nitamuonyesha samaki mubichi hapa hapa mu parcelle, mu kiwanja yetu, akose la kusema.

Na samaki gani! Jumamosi ku salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tulipokuwa tunafyeka majani ya barabara, citoyen Kunda, kijana monitere wa kilimo, alitufundisha. Kila nyumba inaweza kufuga samaki, pwason detan, hata na mayi kidogo. Bamama bengine balikuwa banapiga habari. Mimi nilisikia. Detan. De ton. Thon! Ile samaki ya mu bwata, ya kopo! Ile jirani Marie-Thérèse anafungua kila Jumapili, dirisha wazi, ili sisi bengine tule harufu.

Ataona.

Jumanne, tarehe 5

Nimeenda Naviundu na muguu, Ngosa ku mugongo. Pale muto unapita, iko muntu anaitwa Chileshe, anavua tusamaki tudogo na kitunga. Nimemuuliza kama ni thon. Ameangalia pagne yangu mupya, kitenge ya maua mekundu. Ameangalia kitunga. Ameangalia tena pagne. Amesema thon kabisa, Mama, thon ya kweli, baba yake na mama yake ni thon.

Nimerudi na makumi ine, mu casserole, ile sufuria ya bukari, ku kichwa. Na pagne ya zamani ya kubebea mutoto tu; ile mupya imebakia kwa Chileshe.

Zinapendeza! Nyeusi, ndogo kama kidole ya Ngosa. Moja ni munene kupita benzake. Nimemuita Directeur, kama mukubwa wa shule.

Bassin ni ya samaki sasa, basi Ngosa ameogeshwa mu casserole. Amekubali. Matako ndiyo haikukubali.

Jumatano, tarehe 6

Akili imenijia nikichambua maharagi. Mu shule, masomo ya mwaka wa ine, Masœur, sista yetu, alisema mayi ya bahari iko na chumvi. Thon anatoka bahari. Na mimi nimemuweka mu mayi ya robine, ya bomba, masikini! Nimemwanga chumvi yote ya nyumba.

Basi zikaanza kuruka. Nikasema: furaha! Zimekumbuka kwabo! Kisha tatu zikageuka tumbo juu. Nimebeba ndoo sita mbio mbio, nimebadilisha mayi yote, Ngosa analia, mimi nalia. Makumi tatu na saba zimepona. Directeur hata hakutikisika.

Rigobert amekula bukari na maharagi bila chumvi. Ameuliza. Nimesema docteur mu radio anakataza chumvi. Ameuliza radio gani, yetu haina piles, ile betri, tangu Pasaka.

Ijumaa, tarehe 8

Zimebakia makumi mbili na mbili! Hakuna maiti hata moja. Samaki aliyekufa anaelea, hiyo najua. Hizi zimeibiwa.

Nani ana paka? Marie-Thérèse ana paka.

Nimemwanga bunga ya mahindi pembeni ya bassin yote, ili muizi aache alama ya muguu. Nimeenda soko. Kurudi, alama ziko! Miguu midogo, vidole vitano vitano, na bunga imelambwa mviringo kamili. Ngosa ameketi katikati, nyeupe kama chokaa, anacheka.

Nimepangusa. Bunga yenyewe ilikuwa ya chakula ya mangaribi. Docteur wa mu radio amekataza bukari pia.

Jumatatu, tarehe 11

Zimebakia tisa. Nimeweka bati juu ya bassin na mawe ine juu ya bati. Paka sasa aje na nyundo!

Naziletea inswa, zile kumbikumbi, kila mara mvua ikikatika. Ngosa anaziokota, moja mu bassin, moja mu kinywa. Directeur amekuwa munene kama kiganja yangu. Na ameota ndevu! Marie-Thérèse amechungulia juu ya lupango, ua ya katikati yetu, amecheka mpaka kitambaa imeanguka. Aliuliza: «Mama Ngosa, thon yako iko na ndevu, inafundisha mu shule gani?» Nimemujibu kwamba ya mu bwata bananyoa mbele ya kufunga. Akaokota kitambaa, akaenda.

Alhamisi, tarehe 14

Zimebakia mbili. Bati iko, mawe iko. Nimechunguza bassin kama iko na tundu. Hapana. Rigobert naye amechunguza, amekuna kichwa, amesema labda zinayeyuka.

Mama mukwe, kesho kutwa.

Nimepanga nguo za Ngosa mu kitunga, kisha nimezipangua. Nimezipanga tena. Ametoa kikoti, amekivaa ku muguu. Nimecheka peke yangu, kisha haikuwa kicheko.

Jumamosi, tarehe 16

Directeur tu. Moja. Peke yake mu bassin nzima, anazunguka kama muntu anatembeza parcelle yake.

Mama mukwe amefika saa sita, vumbi mpaka ku nyusi, na makayabu, samaki ya chumvi, mu gunia. Nimepiga magoti, nimepiga makofi kwa heshima. Ameniinua. Amemubeba Ngosa, amemupima kama muntu anapima muhogo, amesema: «Mwepesi.»

Sasa! Nimesema: Mama, kuya uangalie, sisi tunafuga thon. Nimefunua bati.

Ameinama. Ameuliza zilikuwa ngapi. Nimesema makumi ine. Ameuliza zingine ziko wapi. Nimesema, Mama, zilipotea, sijui zilipita njia gani. Akaingiza mukono, pwap! akamutoa Directeur, akamushika tumbo na kidole: «Benzake bako humu. Bote. Hii ni kambale, mwana wangu. Ukiziweka pamoja na njaa, mukubwa anakula badogo. Ku Kilwa hata mwenye kunyonya anajua.»

Kisha akacheka. Eh, alicheka! Aliketi ku mawe. Ngosa akacheka kwa kumuiga. Marie-Thérèse akacheka ngambo ya lupango, hakuna aliyemuita. Paka yake naye alikuwa pale, masikini, nimemuomba musamaha kimoyomoyo.

Nilingoja aseme leta kitunga ya mutoto.

Hakusema. Aliniuliza nani alikuwa anabeba mayi. Nikasema mimi. Mara ngapi? Ndoo sita, asubui na mangaribi. Na inswa? Mimi na Ngosa. Na haya yote juu ya nini? Nikamwambia kweli: Mama, ni juu usimuchukue.

Aliangalia ndoo. Kisha akaomba kisu. Amemupika Directeur na tomate. Ngosa amekula peke yake, mpaka ndevu, akaonyesha sahani tupu na kuita: «Ingine!»

Mama mukwe amesema mutoto anabakia.

Anabakia! Anabakia!

Amesema naye anabakia. Mpaka Ngosa awe munene, amesema. Labda mpaka Pasaka.

Jumapili, tarehe 17

Rigobert amenieleza pole pole, na amenitania. Ameniandikia mu hii kaye, daftari yangu yenyewe: étang. Ni shimo kubwa ya mayi bantu banachimba kwa kufuga samaki. «Poisson d'étang», ile pwason detan ya Kunda, ni samaki yoyote ya mule mu shimo. Thon ni ya bahari, kubwa kama pirogue, mutumbwi muzima. Sawa. Sasa najua kifaransa.

Mama mukwe amelala mu kitanda yetu. Sisi chini, ku mukeka. Anasema chai yangu haina nguvu, mufagio wangu hauna nguvu, na Rigobert naye amekonda.

Jumanne, tarehe 19

Mama mukwe ni muntu muzuri sana. Nataka arudi kwake kwa furaha, mapema. Ili arudi lazima mutoto anenepe. Ili anenepe lazima chakula.

Na leo citoyen Kunda amepita! Nimemwambia habari ya kambale. Alijizuia kucheka, mutoto wa bantu. Amesema étang ni kazi ya bakubwa, mimi nianze kidogo, nyuma ya nyumba, na jarden. Ametaja haraka, lakini mimi nasikia muzuri. Sarden! Zile samaki ndogo za mu bwata!

Nimeuliza mara tatu, sitaki makosa tena. Zinahitaji mayi? Mayi tu, amesema, asubui na mangaribi. Zinakulana? Hapana Mama, hata kidogo, unazipanga mistari, mistari. Nilijua! Hata mu bwata zinalala mistari. Zitatupa mboga kila siku? Kila siku, amesema. Kesho ananiletea mbegu. Ameuliza kama niko na jembe, sijui juu ya nini, labda zinapenda matope.

Kitu moja ilikuwa inanisumbua: mu bwata sardine haina kichwa. Nimemuuliza. Amesema zingine za kwangu zitafunga kichwa kubwa kama ya mutoto! Basi zitapita za Marie-Thérèse kabisa. Nimemwambia asimuambie muntu. Bassin nimeisugua, iko tayari, na mayi imejaa, na safari hii nimefikiri vizuri ile mambo ya chumvi, nitaanza na kijiko moja tu, kisha

Ndiyo, Mama! Nakuya! Ananiita, eti nani amejaza bassin na mayi ya baridi wakati yeye anataka kuog