Dereva Asiyekuwamo Kitabuni

Jumatatu, 3 Machi

Namshukuru Mungu, mke wangu ametoka hospitali na jicho jipya. Si jipya hasa, ni lilelile la siku zote, ila limeondolewa mtoto wa jicho. La pili linangoja zamu. Daktari ametoa amri: wiki mbili bila kusoma, hata maandishi ya pakiti ya chumvi asiyaguse.

Hapo ndipo pana kazi. Bibie, ndivyo ninavyomwita, huchambua riwaya za mapenzi kwenye redio ya mtaa. Kila Ijumaa saa nne asubuhi, dakika kumi. Mwaka wa sita huu. Wanawake huacha sufuria ziungue. Ana utaratibu wake: mwanamume wa kitabuni akishapimwa, hupewa ufunguo wa nyumba yetu. Asiyefaa hapati kitu. Wa kawaida hupata wa geti. Mzuri, wa jikoni. Wa kabati la nguo hajapewa mtu tangu kipindi kianze.

Meneja wa redio amepiga simu. Kwa adabu nyingi amesema kama macho hayaruhusu, msusi wa saluni ya jirani yuko tayari kushika kipindi. Bibie akamjibu kwamba ahsante sana, bado hajafa. Kisha akakaa kitandani akinyoosha shuka ambalo lilikuwa limeshanyooka. Aliwahi kuniambia kwamba watoto alipewa na Mungu, nyumba nilijenga mimi, ila zile dakika kumi alizipata mwenyewe.

Nikasema nitamsomea. Nimeendesha lori miaka ishirini na mitatu. Nimevuka mipaka saba na kusoma vibao vya lugha nisizozijua. Shule nilifika darasa la sita, na hilo la sita nililirudia, kwa hiyo nalijua vizuri kuliko wenzangu.

Jumanne, 4 Machi

Tumeanza. Jalada la zambarau, kurasa mia tatu na nane. Mwanamke wa kitabuni ni fundi wa magauni, mjane, mchapakazi. Nikampenda. Ukurasa wa kumi na mbili akaingia rubani. Mrefu. Mabega. Manukato.

Bibie akashusha pumzi.

Nikamuuliza kama jicho linauma. Akasema soma tu, baba.

Pumzi ile naijua. Zamani ilikuwa yangu. Na rubani ni nani? Ni dereva wa basi asiye na konda. Hakutani na mashimo, hasimamishwi na askari, hapishani na ng'ombe. Nikaendelea kusoma, lakini mabega nikayaruka. Ukurasa wa thelathini nikamwongezea upara kidogo. Wa arobaini nikamtia kizunguzungu kila apandapo ngazi.

Bibie akashangaa, rubani gani huyo anayeogopa ngazi. Nikamwambia waandishi wa siku hizi wanapenda mambo ya kweli.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefanya jambo kubwa. Nilichungulia sura ya tisa nikaona wanawake wawili wanakunywa chai na kuzungumza. Nikafunua ya kumi, bado wanazungumza. Nikafunua hadi ya kumi na tano, ya mwisho, chai haijaisha. Nikaziruka zote.

Lakini pengo la sura saba haliachwi wazi. Nikamwegesha humo dereva wa lori. Mtu wa makamo, mcheshi, mwenye tumbo la heshima. Fundi ana gauni la harusi la kupeleka mji wa pili na mvua imekata barabara. Rubani hawezi kuruka, kuna wingu. Dereva anasema lete gauni, mama. Gurudumu linapasuka mtoni. Dereva analifunga gauni kwenye plastiki, analiweka kichwani na kuvuka tope hadi kiunoni, huku akiimba.

Bibie akaketi wima. Kila nilipotaka kupumzika aliniuliza likafika, gauni likafika? Ikabidi niombe maji nipate nafasi ya kufikiri.

Namshukuru Mungu kwa mdomo alionipa. Wengine amewapa elimu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempeleka Bibie redioni nikiwa nimemshika mkono. Ni chumba kimoja juu ya duka la dawa, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia sauti. Mimi nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki, pamoja na mlinzi na redio yake ndogo.

Akaanza. Rubani hakupata kitu. Alisema mwanamume anayeogopa ngazi ataogopa na maisha. Kisha akatangaza kwamba leo, kwa mara ya kwanza, anatoa ufunguo wa kabati. Anampa dereva wa lori.

Mtangazaji akaangusha kalamu. Mimi nikamwambia mlinzi nina mafua.

Tukiwa njiani Bibie aliminya mkono wangu, akasema laiti wanaume kama yule dereva wangekuwepo. Nikasema wapo, mke wangu, shida ni kwamba hawaandikwi.

Siku nzuri kuliko zote tangu nistaafu.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa buchani napanga foleni. Wanawake watatu wakanizingira. Wamenunua kitabu, wanataka kujua dereva yuko ukurasa gani. Nikawaambia wasome taratibu, vitu vizuri havifukuzwi. Mmoja akasema amefika mwisho. Nikaondoka bila nyama.

Jumatatu, 10 Machi

Msusi amekuja getini. Mwanamke yule husoma akisuka: kitabu anakisimamisha chini ya kioo, mikono iko kwenye nywele za watu, na ukurasa unafunuliwa na mteja. Nakala yake imejaa vibanio kila palipomgusa.

Bibie alikuwa amelala, nashukuru. Msusi akaniambia, shemeji, kitabu hiki nimekisoma mara mbili, na dereva wa lori hayumo hata kwa dawa. Tena rubani ana upara wapi? Na lile jambo lenyewe la kitabu, la sura ya tisa, mbona Bibie hakuligusa? Nikamwambia labda ni toleo jingine. Akanitazama kama anayetazama nywele zilizoungua.

Akasema hana ubaya, ila wateja wanamuuliza, na yeye hawezi kusema uongo huku ameshika kichwa cha mtu. Meneja ameshaambiwa.

Mchana meneja akapiga simu, nikaipokea mimi. Ijumaa Bibie aeleze alikisoma kitabu gani. Akishindwa, kipindi anapewa msusi. Nikasema ujumbe utafika.

Haujafika. Ninao mpango.

Jumanne, 11 Machi

Mpango: kama dereva hayumo kitabuni, aingizwe. Nimeandika karatasi tatu, mwandiko wangu bora. Nikakoroga gundi ya unga. Nikaenda maktaba, nikachukua nakala yao, nikajificha nyuma ya rafu ya kilimo nikaanza kubandika.

Mkutubi ni mama mpole anayetembea bila viatu kusikika. Aliinama akatazama, kisha akaniuliza, mzee wangu, tangu lini kiwanda cha vitabu kinatumia kalamu ya bluu? Na doa hili la chai limechapwa pia?

Nikamweleza yote. Ni mtu wa kusikiliza, nashukuru. Akasema nina njia mbili. Ama nimwambie mke wangu kabla maktaba haijafungwa, ama yeye akifunga apitie kwetu.

Nikamwambia Bibie jikoni. Hakupaza sauti. Aliniuliza ni mambo mangapi mengine. Nikasema upara. Akauliza na nini. Nikasema na ngazi.

Akakaa. Akasema miaka sita amewaambia wanawake wale kwamba hakisemi kitabu asichokimaliza. Hilo ndilo walilomwamini, maana wachambuzi wenye sauti nzuri wako wengi. Akasema nimemfanya mwongo kwa kinywa chake mwenyewe, na hata hakujua.

Angenirushia mwiko ningeshukuru. Hakurusha. Aliondoka, akaenda kunyoosha lile shuka.

Alhamisi, 13 Machi

Jana sikuandika, nilikuwa kazini. Jana asubuhi Bibie alinitupia kitabu mapajani akasema ukurasa wa kwanza. Halafu akamwita msusi. Amemwita yeye mwenyewe, mtu anayetaka kiti chake! Akamwambia dada, shika nakala yako, mfuatilie huyu kwa kidole.

Basi nimesoma mbele ya mkaguzi. Nikiruka mstari, msusi anagonga mkono wa kiti kwa kitana. Mabega ya rubani nimeyasoma yote, moja moja. Bibie hakushusha pumzi hata kidogo.

Tukafika sura ya tisa, ile chai. Kumbe mgeni amekuja kushonesha gauni. Ukutani limetundikwa shati la rubani, fundi analipunguza mikono. Mgeni analishika kifungo cha tatu. Kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Anakitazama sana, kisha anasema kifungo hiki nilikishona mimi, Jumapili, uzi mweupe ulikuwa umekwisha.

Ni mke wa rubani. Wa kwanza.

Na fundi hapigi kelele. Anaweka maji ya chai jikoni. Sura saba zile ndimo wanawake wawili wanapojuana, siku baada ya siku, mpaka mwishowe wanafungua duka lao wawili, naye rubani anakuta mashati yake yote nje, yamepigwa pasi, yamekunjwa.

Nilishindwa kuendelea. Msusi analia, Bibie analia na daktari amekataza, ikabidi nilete pamba. Ile ya ziada nikaitumia mimi.

Nilichojifunza: nilihangaika bure. Rubani alikuwa ameshajimaliza mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Tumekwenda watatu. Bibie hakutaka karatasi. Meneja alisimama mlangoni amekunja mikono.

Alianza kwa kuomba radhi. Akasema wiki iliyopita alikisema kitabu ambacho hakukisoma. Akasema dereva hayumo kitabuni. Yumo nyumbani kwake, na aliingizwa na msomaji wake, ambaye amevuka mipaka saba ila ana wivu na marubani. Mlinzi akanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.

Kisha akakisema kitabu chenyewe, kile kifungo, ule uzi, maji ya chai. Msusi akamkumbusha mahali pawili, na walipopishana juu ya mwisho walibishana mpaka mtangazaji akasahau kuweka matangazo. Ufunguo wa kabati ukaenda kwa yule mke wa kwanza. Haujawahi kwenda kwa mwanamke. Mtangazaji akauliza, na dereva? Bibie akasema dereva amenyang'anywa. Getini, akasema, nitamfungulia mwenyewe, kwa sababu amezeeka na mvua inakuja.

Simu zikaita hadi waya ukapata moto. Mmoja alisema aliachwa na mtu wa aina ya rubani, leo ndiyo mara ya kwanza kucheka. Mwingine aliuliza kama mumewe anaweza kuja kwetu kujifunza kusoma. Meneja akakunjua mikono. Kipindi kinabaki kwa Bibie, kinakuwa dakika ishirini, na msusi anapata kiti cha pili. Bibie ndiye aliyemwombea.

Tukirudi aliniuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli, ilikuwa ile pumzi. Akatembea hadi kwa fundi viatu. Hapo akasimama, akanitazama kwa lile jicho jipya, akasema kwamba mwaka ule nilipochelewa siku tisa mpakani, alishusha pumzi usiku na mchana, ila sikuwepo kuisikia.

Namshukuru Mungu kwa daktari wa macho, kwa mkutubi, kwa msusi na kitana chake. Namshukuru hata rubani. Mimi sasa ni mtu mwingine.

Jumatatu, 17 Machi

Riwaya mpya imefika. Kurasa mia nne na kumi na mbili. Meneja amesema wasikilizaji wananiulizia, kwa hiyo Ijumaa nimepewa dakika tatu zangu mwenyewe, nisimulie kitabu kabla ya mabingwa kukipima. Bibie amenisisitiza nisome kila neno. Nimemwapia.

Nimesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Katikati sikuona haja ya kujitesa, maana msusi ameshakimaliza. Nimembebea maji ya saluni ndoo sita, naye amenisimulia chote huku akisuka, vibanio mdomoni. Mwanamke mkarimu.

Kitabu kitamu sana. Kinamhusu msusi. Mwenye akili, mkono mwepesi, mtaa mzima unamtegemea. Tajiri mmoja anamwacha mchumba wake kwa ajili yake. Sura ya kumi anamjengea saluni yenye mashine nne za kukaushia. Jirani yake, mzee mmoja mwenye maneno mengi, anambebea maji. Nilimwambia huyo mzee nimempenda. Wateja wote wakakohoa.

Jaladani pana picha ya daktari na farasi, lakini majalada ya siku hizi hayana maana.

Nimeandika kurasa mbili safi. Bibie aliniuliza kinahusu nini, nikamwambia msusi. Akacheka mpaka akashika jicho, akasema vizuri, baba, kawasomee hivyohivyo. Nashukuru. Ni mara ya kwanza ananiamini bila kukagua.