Nati za Kumleta Padre Maguu

Jumatatu, 10 Julai 1995
Festo, mwana wa dada yangu Gertrude, amepewa daraja la upadre. Jumamosi atachukuliwa Mbinga mjini, aletwe Maguu kwa misa yake ya kwanza. Anayestahili kumleta ni mjomba, yaani mimi. Kamati ya mapokezi inasitasita. Jirani yangu Wendelin ana Landrova. Pikapu yangu ina magurudumu yenye kutu. Magari yatakaguliwa Alhamisi. Wendelin hatanishinda.

Jumanne, 11 Julai
Nimeshuka Mbamba Bay. Mama mmoja, Loveth, anauza rimu za aluminiamu zilizovuka ziwa kutoka Malawi. Zinang'aa kama kikombe cha misa. Nimechukua nne. Alinionya kuwa zina nati zake, zenye kitako bapa na washa, kile kipete cha chuma chini yake. Zangu za rimu za chuma zimechongoka, hazitakaa. Nati hizo bapa hana. Nikamjulisha kwamba nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Akajibu kwamba hata hivyo hana.

Jumatano, 12 Julai
Kilian fundi, mwanafunzi wangu wa zamani, alinipa shikamoo nzuri, kisha akakataa kufunga rimu. Eti tundu bapa hutaka nati bapa. Eti nati sahihi huingia kwa vidole karibu hadi mwisho. Spana ni ya kukazia tu. Nisubiri wiki mbili, aagize Songea. Wiki mbili!
Jioni nilipata ufumbuzi. Mashine tatu za kumenyea kahawa za kikundi chetu cha wakulima zimefungwa kwa nati bapa. Funguo za banda ninazo mimi. Nimefungua nati ishirini. Kwa vidole zinaingia mizunguko miwili. Iliyobaki nimemalizia kwa spana na bomba la mita moja. Zililia kidogo, zikatii.

Alhamisi, 13 Julai
Kamati imenichagua. Wendelin alizunguka pikapu mara mbili, akasema Mwalimu amelivika gari viatu vya harusi, ila kamba zake hazionekani. Watu walicheka. Nikazipangusa rimu kwa leso.

Ijumaa, 14 Julai
Wanakikundi wameleta kahawa mbivu, wakakuta mashine zimelala chali. Niliwaambia ni matengenezo.

Jumamosi, 15 Julai
Kwenda Mbinga, salama. Kurudi, mlio upande wa kushoto mbele. Padre Festo akasema, Mjomba, gari linagonga. Nikamwambia ni mlima. Gertrude akatoa rozari. Kwenye kona ya pili gurudumu lilitupita. Lilikwenda vizuri sana, likaacha barabara, likateremka shambani, likaruka mashimo ya ngolo, yale tunayochimba kuzuia mmomonyoko, moja baada ya jingine hadi likatulia ndani ya moja kama kiazi. Hakuna aliyeumia. Wendelin alikuwa nyuma yetu tangu mjini. Alisema alikuja tu kuona mandhari. Padre akahamia Landrova. Gertrude naye, bila kuniangalia. Ngoma za Maguu nilizisikia nikiwa nimekaa juu ya jeki.

Jumapili, 16 Julai
Misa ya kwanza. Padre alihubiri juu ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Sijui kwa nini kanisa zima liligeuka kunitazama. Baada ya misa kikundi kilidai nati zake. Meno yamekatika. Kahawa imeanza kuchacha, nami nimeamriwa kuimenya kwa kinu hadi mashine zipone.

Jumanne, 18 Julai
Mikono inaniuma. Kilian amekuja kunishauri nirudishe rimu za zamani na nati zake za zamani; atafunga bure. Nimemshukuru na kukataa. Kosa nimelibaini: nati za kahawa ni dhaifu. Mwezi Oktoba Askofu atakuja kwa Kipaimara, na lazima mtu amlete. Leo nilipanda mnara wa kanisa, kwa kuwa ufunguo ninao mimi. Kengele imeshikiliwa kwa nati bapa, nene, ambazo hazijalegea tangu enzi za wamisionari. Nimeshuka na moja, nikaijaribu kwa vidole.
Imeingia mizunguko mitatu.