Matuta Tisa ya Mheshimiwa

Kitengo cha Hadhi na Mwonekano, Kanda ya Milimani, kina furaha kuutangazia umma kwamba Noah yetu nyeupe, iliyotoka kiwandani kabla baadhi ya watumishi wetu hawajazaliwa, sasa iko chini. Haikuanguka. Imeshushwa kitaalamu, kwa fedha za ndani, chini ya usimamizi wa kamati ya watu saba ambayo mimi ndiye katibu wake.

Natoa taarifa hii kwa sababu hapa Tukuyu yamesemwa mengi. Wapo wanaodai gari limezama. Wapo wanaodai tumeibiwa matairi tukakaa kimya kwa aibu. Maneno haya yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kamati hata moja, na wanastahili huruma.

Chanzo ni kikao cha Mbeya. Mheshimiwa Ambilikile, Mratibu Mkuu wetu, alikuwa anashuka kwenye Noah pale nje ya ukumbi alipomwona mwenzake wa Kanda ya Bondeni akiingia na gari jeusi la familia, limelala chini kama paka anayenyemelea panya, taa za bluu zikimulika lami chini ya tumbo lake. Wakati wa kurudi, tuliposimama kula, Mheshimiwa alisukuma sahani ya nyama mbele yangu akasema nimalizie. Sisi tunaomfahamu tukajua nchi imeingia kwenye jambo zito.

Waraka unakataza kununua magari. Waraka huohuo unaruhusu matengenezo, na haukusema matengenezo yanaishia wapi. Tukaona ni wajibu wetu kupatafuta yanapoishia. Tulitengewa laki nane, tukazitumia mpaka ya mwisho.

Kazi alipewa fundi Lutufyo, mwenye gereji ya mabati nyuma ya stendi. Siku ya kwanza tulimkuta amelala chini ya Noah, zinaonekana ndala tu.

"Kuishusha siyo shida, Mheshimiwa," zilisema ndala. "Nakata springi kwa grainda, mizunguko miwili. Inakaa vizuri, na bado inatembea."

"Ile ya Bondeni imekatwa mizunguko mingapi?"

"Ile haijakatwa. Ile inatumia upepo. Dereva anabonyeza kitufe, inapanda. Anabonyeza tena, inashuka. Hicho kitufe tu kinanunua Noah mbili kama hii, na hela ya chai inabaki."

"Sisi hatuna kitufe. Kata mizunguko mitatu na nusu."

Fundi akajitoa chini ya gari, akakaa, akafuta mikono kwenye suruali. "Mkuu, barabara ya Masoko ina matuta tisa."

"Matuta nayajua. Nimeyajenga mimi."

"Sasa utayapitaje?"

"Kwa heshima," alisema Mheshimiwa.

Niliandika kwenye kumbukumbu: mtaalamu ametoa maoni, yamepokelewa kwa shukrani, yamepuuzwa kwa kufuata taratibu.

Nieleze kidogo kuhusu matuta hayo, maana yana historia. Kitengo kilipoweka mabango tisa yenye picha ya Mheshimiwa kwenye barabara ya kushukia Masoko, tuligundua kwamba madereva wanapita bila kuyasoma. Tukajenga tuta mbele ya kila bango. Tuta la majaribio lilipasua sampu za oili za gari tatu kwa wiki moja, tukaridhika kwamba ujumbe unafika.

Lutufyo alifanya kazi nzuri, nisimnyime haki yake. Springi zilikatwa, zikafungwa waya nene zisichomoke. Rimu zilitoka kwenye gari lililopinduka mlimani, tatu zinafanana. Sketi za pembeni alizikata kwenye tangi la maji lililopasuka, akazipigilia ribiti na kuzipaka rangi, na ukisimama mbali huoni maandishi ya lita elfu mbili. Taa za bluu tulizipata kwa mtu aliyefunga baa. Viti vilivishwa kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye majoho ya kwaya. Kioo cha nyuma kiliandikwa kwa herufi za fedha: MWONEKANO NI KAZI.

Sasa nimtaje dada mmoja, Sekela, ingawa sipendi kumkuza. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa parachichi Kisondela. Kitengo kilifunga banda lao la kukusanyia matunda, kwa sababu bati zake zilikuwa za rangi tatu na zinaonekana kutoka barabarani. Mnunuzi wao hapakii mzigo nje. Lazima upimwe ndani ya banda. Ili banda lifunguliwe ilitakiwa karatasi moja yenye neno moja, saini ya Mheshimiwa na muhuri. Sekela alikuwa ameifuata karatasi hiyo ofisini kwetu mara kumi na nne. Mara zote nilimpokea vizuri, nikamwambia Mheshimiwa yuko kikaoni, na mara mbili ilikuwa kweli.

Ijumaa ya uzinduzi wa Noah, ujumbe wa makao makuu ulikuwa unatusubiri Masoko, kule ziwani, saa nne, kuja kukagua kama Kitengo kinastahili kuendelea kuwepo. Ijumaa hiyohiyo lori la parachichi lilikuwa linaondoka Kisondela saa kumi jioni, na matunda yalikuwa yameshachumwa. Kuhusu hilo la pili mimi sikuwa na taarifa rasmi.

Tuliondoka saa tatu: Mheshimiwa, mimi na mkoba wangu wa muhuri, maafisa itifaki wawili, na Abbasi dereva. Noah ilitoka getini kwa madaha. Matairi yalikuwa yanasugua bodi, kwa hiyo mwendo wetu ulikuwa wa toroli, lakini toroli lenye taa za bluu.

Kwenye tuta la kwanza ilipandisha magurudumu ya mbele, ikakaa. Tumbo likalalia tuta. Abbasi alizima injini, akatulia kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Kuna nini?" aliuliza Mheshimiwa.

"Tumenasa, bosi. Uzito. Mkishuka, inapita."

"Nishuke mimi?"

"Hasa wewe, bosi, samahani."

Tukashuka. Barabarani palikuwa na matope ya jana, na viatu vya Mheshimiwa vilikuwa vya kikao. Noah ilikwaruza, ikalia, ikapita. Wakati huo bodaboda iliyokuwa inapandisha kwenda mjini ikafunga breki, akashuka Sekela na bahasha yake. Alikuwa anakuja ofisini kwa mara ya kumi na tano. Akamwangalia Mheshimiwa, akaliangalia bango, akamwangalia tena.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nilikuwa nakujua kwa picha tu."

"Marahaba, dada. Njoo ofisini Jumatatu."

"Jumatatu parachichi zitakuwa uji. Lori linaondoka leo."

"Jumatatu," alisema Mheshimiwa, akapanda. Tukaondoka.

Tulipofika tuta la pili Sekela alikuwa ameshafika na bodaboda yake, amekaa juu ya tuta.

"Mheshimiwa, tulikuwa tunaongea."

Mheshimiwa, akiwa na tope mpaka kwenye soksi, alimweleza kwa upole kwamba ombi lake haliwezi kushughulikiwa bila picha ya paa. Sekela akatoa simu. Paa lilikuwemo, limepakwa rangi moja tangu mwezi wa pili. Tukapanda haraka.

Kwenye tuta la tatu aliambiwa suala lake lazima lijadiliwe na Kamati ya Majengo.

"Wajumbe wake ni akina nani?"

Abbasi, ambaye hajasomea utawala ingawa naye ni mjumbe, akasema, "Si ni sisi hawahawa? Wawili tu ndio wamebaki mjini."

Sekela akanigeukia. "Kaka Katibu, watano kati ya saba, akidi imetimia au haijatimia?"

Mimi nimekula kiapo cha utumishi. Nikasema imetimia. Mheshimiwa aliniangalia kwa namna ambayo sijaiweka kwenye kumbukumbu, akasema kikao hakifanyiki barabarani, akapanda Noah.

Lakini bodaboda wana mdomo. Kati ya tuta la tatu na la nne tulipitwa na pikipiki kumi na moja, na kila dereva alikuwa anapiga kelele mashambani kwamba yule wa kwenye mabango anashushwa kwenye kila tuta, mwenye shida yake awahi. Kwenye tuta la nne tulikuta foleni. Sikuamrisha mimi. Walikuwa wamejipanga wenyewe, wamepeana namba, na mama mmoja alikuwa ameanza kuuza ndizi za kuchoma. Kulikuwa na kibali cha kioski, barua ya uhamisho wa mwalimu ambao hata hautuhusu, na mzee aliyetaka tu kujua kwa nini tuta liko mbele ya mlango wake.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi Atupakisye wa Masoko, kafunika kichwa kwa mfuko wa nailoni kwa ajili ya manyunyu.

"Mugonile, tata," alisalimia kwa kilugha, akamshika Mheshimiwa mkono kwa mikono miwili, hakuuachia. "Mwaka msima nasikia uko kwenye fikao. Nikasema huyu mtoto atakufa na fikao. Kumbe msima. Ndaga, nashukuru."

Mheshimiwa aliuchomoa mkono, akawaahidi wote kwamba ameyasikia. Abbasi alipitisha gari, tukapanda, tukakimbia kwa mwendo wa toroli. Foleni ilitufuata kwa miguu, ikatutangulia.

Tuta la tano ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu bango lake lina maneno mengi. Noah ilipanda ikiwa tupu, ikalala juu yake moja kwa moja, magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka hewani. Waya wa springi ulikatika kwa mlio mmoja mdogo. Abbasi akatoka, akalizunguka gari mara moja.

"Hapa ni kunyanyua, bosi. Watu kama ishirini."

Mheshimiwa akatazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro. Akatazama watu. Walikuwa hawapungui sitini, wenye mabega ya kubeba mikungu ya ndizi kutoka bondeni.

"Ndugu wananchi," alisema, "tusaidiane."

"Tutanyanyua," alisema Sekela. "Tatizo mikono. Unaona mwenyewe, kila mtu kashika karatasi. Kila inayogongwa muhuri, mikono miwili inapatikana."

Watu hawakucheka. Walisimama tu na karatasi zao, wakiwa wamezikinga manyunyu kwa viganja. Nadhani ndicho kilichomtisha.

Mheshimiwa aliniomba muhuri. Nikafungua mkoba, na hapo nikatambua faida ya kwanza ya mradi wetu: boneti ya Noah ilikuwa imeshuka hadi kimo cha meza, na mtu anaweza kuandika bila kuinama. Akaandika "Lifunguliwe," akasaini, nikagonga. Sekela aliisoma karatasi mara mbili, akapuliza wino, akaitia kifuani.

"Na mikono yako?" aliuliza Mheshimiwa.

"Yangu inakwenda kupakia parachichi. Wapo wengine," alisema, akapanda bodaboda, ikashika njia ya Kisondela.

Na wengine walikuwepo. Mheshimiwa alisaini kibali cha kioski. Alisaini ruhusa ya kuchimba choo iliyokuwa na miaka mitatu. Alimweleza mzee habari za tuta, mzee akasema haijamridhisha, akaambiwa tuta litaondolewa, ikaandikwa, ikagongwa. Alisaini akiwa na tope, akiwa na njaa, na karibu na karatasi ya ishirini niliona anaanza kuuliza watu majina ya watoto wao, kama mtu aliyechanganyikiwa.

Hapo ndipo gari refu la makao makuu lilipotokea upande wa Masoko. Walikuwa wamechoka kusubiri, wamekuja kututafuta. Akashuka Bi. Lilian, kiongozi wa ujumbe, mwanamke asiyetabasamu bila bajeti. Akatazama Noah iliyolala juu ya tuta. Akatazama foleni. Akamtazama Mheshimiwa, kalamu mkononi.

"Mratibu, tumekusubiri zaidi ya saa nzima. Hapa kuna nini?"

Kulikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa kwamba Mratibu Mkuu wa Hadhi na Mwonekano amekata springi za gari la ofisi akanasa kwenye tuta lake mwenyewe, chini ya picha yake mwenyewe. Mheshimiwa alichagua la pili.

"Samahani sana, Bi. Lilian. Ni utaratibu wangu. Huwa nashuka kwenye kila tuta nisikilize wananchi. Tulishusha hata gari ili boneti itufae kama meza."

Bi. Lilian aliigusa boneti kwa kidole. "Unafanya hivi kila siku?"

"Hapana, hapana. Kila Ijumaa."

Manyunyu yalikuwa yanasikika juu ya bati la Noah. Kisha bibi Atupakisye akasema polepole, kama anayejifunza wimbo wa kanisani, "Kila Ijumaa."

"Kasema nini?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Kila Ijumaa."

"Matuta yote?"

"Yote tisa. Kila Ijumaa."

Maneno yalikwenda mpaka mwisho wa foleni, yakawapata bodaboda, na baada ya hapo hakuna ofisi duniani ingeweza kuyarudisha. Bi. Lilian alikuwa ameshayaandika. Alisema Kitengo kitaendelea kuwepo, na kwamba Ijumaa zijazo atakuwa anapiga simu mwenyewe kuuliza tumefika tuta la ngapi. Watu wakashika Noah kila upande, wakainyanyua kama kitanda cha mgonjwa, wakaiweka ng'ambo. Lori la parachichi, nilikuja kuambiwa, liliondoka Kisondela saa tisa na nusu, limejaa.

Ijumaa iliyofuata Mheshimiwa aliamka anaumwa kiuno. Bi. Lilian alipiga simu, akampa pole, akasema anatuma daktari. Saa mbili na nusu tulikuwa tuta la kwanza. Mheshimiwa alishuka amevaa mabuti ya mpira, na mwanamke aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akamwangalia miguuni, kisha usoni.

"Leo umekuja kikazi," alisema, akamkabidhi karatasi.