Mashine ya Akina Mama wa Bulembia

Mwaka 1969 habari zilifika Kasese kwamba shirika moja la kanisa la ng'ambo linagawa misaada midogo kwa vikundi visivyotafuta faida. Zawadi ilikuwa mashine ya kusaga unga. Muhwezi, bwana wa suti ya kijivu asiye na kazi wala aibu, alihisi ameitwa kuitumikia jamii. Mnunuzi wa mashine alikuwa naye tayari: Sosthène, mchuuzi Mkongo wa Bwera mpakani, aliyekwisha kumpa nusu ya bei na kumwambia kwa upole, "Machine isipofika Jumamosi, ndugu, mi nakuja na bandugu yangu."

Alichokosa ni kikundi tu.

Alikitafuta kwa akili. Huko Bulembia, kambini kwa wake wa polisi na wa wachimba madini, aliokota wanawake kumi wa makabila mbalimbali: Lalam Mwacholi, Akumu Mjaluo, Tabisa Mkonzo na wenzao. Kila mmoja wao Muhwezi alimbembeleza kwa lugha yake na kumwahidi sukari. Watu wasioelewana, aliwaza, hawawezi kula njama. Yeye atakuwa mwenyekiti na mkalimani. Kiswahili hakukihesabu. Kwake kilikuwa lugha ya kambini, na muungwana hukaa mbali na kambi. Hakujiuliza kamwe wanawake hao waligombania bomba moja la maji kwa lugha gani.

Ijumaa mkaguzi wa lile shirika akaja na mashine garini. Alikuwa padri mzee aliyezeekea Tabora.

"Hamjambo, mama zangu?"

"Hatujambo, padri," wakajibu wote kumi.

Muhwezi akajitolea kutafsiri. Padri akamwomba apumzike, kisha akauliza mwenyekiti ni nani.

"Iko mimi," akasema Lalam. "Akumu iko mweka hazina. Tulichagua jana, pale kwa bomba."

"Na bwana huyu?"

Wanawake waliitazama ile suti kwa huruma.

"Huyu iko mutu ya kujitolea," akasema Tabisa. "Atasaga unga bure. Yeye mwenyewe alisema kikundi haitafuti faida."

Muhwezi akafungua kinywa. Nyuma yake Koplo Obita, mume wa Lalam, alikuwa amesimama na sare yake yote.

"Jibu padri, wewe."

"Ni kweli, padri," akasema Muhwezi. Padri akamshika mkono, machozi yakimlengalenga.

Jumamosi Sosthène alifika na lori na ndugu zake wanne. Mashine ilikwisha kufungwa kwenye sakafu ya saruji katikati ya kambi ya polisi. Alimtazama Muhwezi, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, akaelewa kwamba mashine hataipata. Basi akavua kofia, akamwendea mwenyekiti, akaomba aazimwe mtu huyo kila Jumapili, akapakie magunia Bwera mpaka deni liishe.

Akina mama walijitenga, wakajadiliana kirefu. Kisha Lalam akarudi na uamuzi wa kikundi.

"Chukua. Lakini Jumatatu asubuhi rudisha yeye mapema. Watu nakuja na mahindi."