Mvinyo wa Miaka Minne, Ulionunuliwa Ijumaa

Alhamisi, 13 Februari 2025

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama kulifunga kumekushinda, basi lisome peke yako, kimya, na usimsimulie mtu hata mstari mmoja. Usimwambie mkeo wala mumeo. Usimwambie mtu wa Kisarawe. Hasa huyo wa Kisarawe. Mimi bado niko kwenye majaribio kazini, na kwa mtu wa majaribio hakuna kosa dogo.

Naitwa Godbless. Ni karani wa masjala katika ofisi moja hapa Kibaha. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga muhuri wa tarehe na kuziweka kwenye mafaili. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Sijawahi kupoteza karatasi. Nayaandika haya ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa hovyo.

Jumapili mpenzi wangu Benedikta alinipeleka Kisarawe kunitambulisha kwa baba yake, Mzee Alfonce. Mwalimu mstaafu. Alifundisha Dodoma miaka ishirini akarudi na ujuzi wa zabibu. Baada ya chakula akaniuliza kama natumia mvinyo. Niliogopa. Nikisema natumia, nitaonekana mlevi. Nikisema situmii, mazungumzo yataishia hapo. Nikasema siutumii, nautunza.

Akaweka kijiko chini. Akauliza nautunza vipi. Nikausikia mdomo wangu ukijibu kwamba ninazo chupa sita nyumbani, zimelala ubavu, gizani, huu mwaka wa nne. Sijui yalitoka wapi. Benedikta alinitazama kama mtu anayeona gari linarudi nyuma na dereva hayumo.

Mzee alifurahi sana. Alisema vijana wa siku hizi hawawezi kukaa na soda mpaka jioni. Akasema Jumamosi ya tarehe 22 atakuja azione, tufungue moja, na siku hiyohiyo ataniambia kama nitume barua ya posa.

Zimebaki siku tisa. Sina chupa hata moja.

Ijumaa, 14 Februari

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Mvinyo unataka ubaridi usiozidi nyuzi kumi na tano, usiopanda na kushuka. Unataka giza. Hautaki kutikiswa. Hautaki jirani mwenye harufu kali. Chupa ilale ili kizibo kisikauke. Kikikauka hewa inaingia, na mvinyo unageuka siki. Nimeyanakili yote kwa mwandiko mzuri.

Jioni nikapita duka moja pale kituoni Kwa Mathias. Chupa sita za mvinyo mwekundu zilikuwa zimesimama dirishani, jua linazipiga. Muuzaji alisema hizo zimekaa sana, hazina mtu. Zimekaa sana! Nikaona ni dalili njema, nikazichukua zote. Nilizibeba kwenye begi nikitembea polepole zisitikisike. Waendesha bodaboda wawili waliniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 15 Februari

Chumba changu kina bati, hakina dari. Nimenunua kipimajoto cha homa famasi. Saa nane mchana kilisoma 37.4. Chumba kina homa.

Nikaloweka gunia, nikazifunika chupa. Joto likashuka hadi 33. Chumba kizima kikanuka gunia. Harufu kali jirani: hairuhusiwi.

Nyumba hii ina mahali pamoja tu penye baridi, stoo ya mwenye nyumba, Bi Mwanajuma. Sakafu ya sementi, dirisha hakuna, na mtungi wake wa maji ya kunywa umekaa juu ya mchanga wenye unyevu. Lakini Bi Mwanajuma ni mcha Mungu. Siku niliyohamia alinipa masharti mawili: geti linafungwa saa nne, na pombe haivuki mlango wake. Niliyakubali yote mawili, na kwa siku mia mbili niliyatimiza.

Nikatafuta boksi la karatasi. Nikabandika neno SIRI. Nikampa shikamoo, nikamwambia ndani mna kumbukumbu za serikali zisizostahimili joto.

Alilisoma neno lile. "Serikali imekuamini hivyo, mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Akasogeza tende na mchele aliokwisha kuanza kuweka kwa ajili ya Ramadhani, akapangusa pembe kwa mkono wake, akasema boksi likae hapo karibu na mtungi, hakuna atakayeligusa. Akasema ataniombea dua nithibitishwe kazini.

Jumatatu, 17 Februari

Wakati wa chai niligundua kasoro. Chupa zinang'aa. Kitu kilicholala miaka minne hakiwezi kung'aa.

Masjala yetu ina vumbi la kila umri. La mwaka 1986 ni la kijivu mno, mzee angehoji. Nikachukua la kwenye mafaili yaliyofungwa 2021, nikalitia kwenye bahasha, nikaandika juu: Vumbi, 2021. Nataka kila kitu kiwe sahihi.

Kasoro ya pili ni ushahidi. Nani atanisadiki bila rejista? Nimefungua rejista ya chupa. Namba, tarehe ya kupokelewa, joto la kila mwezi kwa miezi arobaini na nane. Nimetumia kalamu tatu tofauti. Miezi ya masika nimeshusha joto kidogo. Watu walipotoka kazini, nikazungusha kigurudumu cha mwaka kwenye muhuri wa ofisi, kutoka 2025 hadi 2021, nikagonga ukurasa wa kwanza. IMEPOKELEWA. Ilipendeza mno. Machozi yalinilengalenga.

Jumatano, 19 Februari

Sikukirudisha kigurudumu.

Siku nimebadilisha kila asubuhi, kama kawaida. Mwezi nimekagua. Mwaka nani anakagua Februari? Barua zote za jana na za leo asubuhi zimepokelewa mwaka 2021. Ni barua themanini na tatu.

Aliyegundua ni Mbaraka. Ni karani mwenzangu, naye yuko kwenye majaribio, meza zetu zinagusana. Huniita Profesa. Alisimama katikati ya ofisi na barua mkononi, akasubiri watu wanyamaze.

"Profesa, huyu mwombaji katuandikia 2021. Kitambulisho alichoambatisha kimetoka mwezi uliopita. Ni nabii?"

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Bi Stellamaris, mkuu wa masjala, hakucheka. Alisema barua iliyokaa miaka minne bila kujibiwa ni hoja ya ukaguzi, na mimi nimetengeneza hoja themanini na tatu kwa siku moja na nusu. Akanitaka nijieleze kwa maandishi.

Nikaandika kwamba kigurudumu kimelegea. Akaniita, akanipa muhuri, akaniomba kwa upole nimwonyeshe kinavyolegea. Nilikisukuma dakika nne. Hakikusogea. Mbaraka alivuta kiti akakaa.

Ijumaa, 21 Februari

Majaribio yangu yameongezwa miezi sita. Mbaraka amethibitishwa. Ameleta soda kwa ofisi nzima, yangu akaifungua yeye mwenyewe. Alisema isije ikakaa miaka minne. Hajui chochote kuhusu chupa. Alikuwa anasema barua. Lakini soda ilinimwagikia.

Benedikta amepiga simu kutoka Maneromango, anakofundisha. Nimemweleza yote, pamoja na vumbi.

"Godi, baba akifika kesho mwambie ukweli kabla hajakaa. Atakasirika nusu saa, kisha atataka chai. Namjua. Ila ukimwonyesha hiyo rejista yako, mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote. Nilipokata simu nikaenda stoo kuongeza vumbi kidogo upande wa shingo.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika haraka maana mkono unaweza kukataa.

Mzee Alfonce alifika saa nne asubuhi. Suruali ya kitambaa, miwani mfukoni, na bilauri zake mbili amezifunga kwenye gazeti. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli pale getini. Lakini aliyefungua geti ni Bi Mwanajuma. Walisalimiana vizuri, wakaulizana za nyumbani, wakakuta wana ndugu wa kufahamiana kule Kisarawe. Ndipo mzee akasema amekuja kuona mvinyo wa kijana.

Bi Mwanajuma alimwambia kwa heshima kwamba amepotea nyumba. Hapa kijana anatunza siri za serikali tu. Mzee akasema labda ndizo hizo. Bi Mwanajuma akachukua kigoda, akakiweka mbele ya mlango wa stoo, akakaa. Akasema hata aje nani, boksi lile halifunguliwi, maana lilikabidhiwa kwake. Kisha akanigeukia mimi, akiwa na hakika kabisa.

"Mwambie mwenyewe, mwanangu. Mwambie mle mna nini."

Nikasema.

Bi Mwanajuma hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alikaa pale kwenye kigoda akiangalia mikono yake.

"Siku saba," alisema. "Kila swala nakutaja wewe na hilo boksi."

Kisha akainuka, akaingia stoo, akaanza kumwaga maji ya mtungi. Alisema atauosha, na mchanga atautoa wote aweke mwingine. Akaniambia boksi litoke kabla ya adhuhuri. Nikauliza na mimi nitoke? Akajibu bila kugeuka kwamba mimi nikae, ila nisimsemeshe leo.

Nikalibeba boksi hadi uani. Mzee alikaa kwenye benchi akaomba rejista, maana nilikuwa nimeishika kwapani, sijui kwa nini. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kama anasahihisha madaftari. Alisifu mwandiko. Kisha akatoa chupa moja, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akavaa miwani, akageuza upande wa nyuma. Akanionyesha. Ilikuwa imechapwa pale, herufi ndogo, safi: imejazwa Juni 2024.

Nilisoma kila kitu kuhusu mvinyo. Chupa sikuisoma.

Akanionyesha na kifuniko. Cha bati, cha kuzungusha. Hakuna kizibo cha kulowana wala cha kukauka. Hizi hata zikisimama hazidhuriki. Akazungusha, ikalia krak. Akamimina kidogo, akaonja, akageukia pembeni akatema kwa adabu.

"Umeungua. Huu umekaa juani kabla hujaununua."

Nikasema ndiyo, baba.

"Wachezaji wa mpira nimewaona wakipunguza umri. Anayeongeza, wewe ndiye wa kwanza."

Nikajua imekwisha. Nilifikiria Benedikta, nikafikiria barabara ya Maneromango, kwamba sitaipita tena. Lakini mzee akachukua chupa nyingine, akatoa kalamu ya bluu, akatia saini kwenye karatasi ya mbele, akaandika na tarehe ya leo. Akanikabidhi. Alisema mvinyo huu hautakuwa mzuri hata ukikaa miaka kumi, na hiyo si hoja. Nikae nao mwaka mmoja. Nisiufungue, nisiupake kitu. Tarehe 22 Februari mwakani nimpelekee Kisarawe pamoja na barua ya posa, naye ataipokea.

"Mwaka mmoja wa kweli," alisema. "Nakuomba huo tu."

Akafunga bilauri zake kwenye gazeti. Chai hakutaka.

Jumapili, 23 Februari

Chupa nne zilizobaki nimezipeleka masjala jana jioni, mlinzi akanifungulia, nikazificha nyuma ya mafaili ya 1986. Pana giza na hakuna anayefika.

Ile yenye saini niliamua kumpelekea Benedikta. Nyumba anayokaa kule Maneromango ni ya zamani, kuta nene, inatunza ubaridi kutwa nzima. Kwa mara ya kwanza nilitaka kuhifadhi mvinyo mahali panapofaa. Niliifunga kwenye sweta, nikaipakata hadi Kisarawe, kisha nikachukua bodaboda. Nilimwomba kijana aende taratibu kwa sababu mzigo hautaki kutikiswa. Alienda taratibu sana. Ndiyo maana tulipofika kwenye mchanga mzito pikipiki ikakosa nguvu, ikalala. Hakuna aliyeumia. Sweta likawa jekundu.

Imedumu saa ishirini na tatu.

Benedikta alinikuta nje ya nyumba yake na shingo ya chupa na kipande chenye saini mkononi. Hakukasirika. Alinipa maji, akanipa simu yake, na namba ya baba yake tayari iko kwenye kioo.

"Mpigie sasa hivi. Mwambie umeanguka. Hiyo barabara anaijua, ilishamwangusha hata yeye. Atacheka, atatia saini nyingine, basi."

Ni kweli. Nimelipima shauri lake kila upande na sioni kasoro. Halina gharama, halina hatari, na mimi sina kosa lolote. Nikaishika simu. Nikazunguka nayo nyuma ya nyumba, chini ya ukuta, nikaitazama namba. Kisha nikafuta tope kwenye karatasi ya chupa, nikachukua kalamu, nikaanza kujaribu kuiga saini ya mzee.

Nimeijaribu mara arobaini. Benedikta nimemwambia baba hakupokea.

Chupa ninazo nne, za Juni ileile. Kinachonishinda ni ule mkia wa mwisho, unaorudi chini ya jina lote. Kama wewe uliyesoma mpaka hapa una mkono mtulivu, nitafute. Shuka Kwa Mathias, upande wa maduka, uliza chumba cha karani. Usipige simu saa za kazi, meza za ofisi zinagusana. Ukiandika barua usitaje mvinyo, taja kumbukumbu, na tarehe weka ya kweli. Ukinikosa, usimwachie ujumbe Bi Mwanajuma. Ataniuliza unahusu nini, na Ramadhani inaingia wiki ijayo. Nisingependa kumdanganya kabla ya Idi.