Vibao Visivyojua Kukataa

Jumatatu, 24 Februari

Kesho Tainan! Hekalu letu linatupeleka matembezi ya siku nzima, basi la kukodi, lenye kipaza sauti cha kuimbia. Wenzangu wanaenda kula na kupiga picha. Mimi naenda kazini.

Jumamosi Babu wa Ardhi, mungu wa mtaa wetu, anatimiza mwaka mwingine, na Mwenye Chetezo mpya, wa kumtunza Babu nyumbani kwake mwaka mzima, atachaguliwa. Tseng, muuza supu ya bata wa ng'ambo ya barabara, amekuwa na chetezo mwaka mzima. Mwaka mzima! Sanamu ya Babu iko sebuleni kwake. Watu wanaingia kuchoma ubani, wanatoka na bata. Foleni yake inafika mlangoni kwangu na kuyaziba mabeseni ya plastiki ninayouza. Jana kaniambia mbele za watu, "Kaka Fa, usijisumbue. Babu hapatani na plastiki." Watu wakacheka. Mke wangu Kuei-hua naye akacheka. Nimemwona.

Marehemu Baba alirusha vibao viwili vya mbao vya kumuuliza Babu kama anamtaka, kila sikukuu, mpaka anaingia kaburini. Kila mara, jibu la kwanza tu: hapana. Akirudi nyumbani alikuwa anatundika kofia, anasema labda mwakani. Sitaki kufa nikisema labda mwakani. Inaniuma, basi.

Mpango: Tainan ndiko wanakochonga vitu vya mahekalu, kila aina. Haiwezekani akosekane mtu anayechonga vibao vyenye adabu. Kuei-hua ameniuliza mbona nachekacheka peke yangu. Nimesema nafurahia safari. Akasema hajawahi kuniona nikifurahia kitu bila mtu mwingine kuumia. Wanawake!

Jumanne, 25 Februari. Asubuhi, Tainan, chooni

Pigo la kwanza. Bibi Liao, anayeshika funguo za hekalu, ametuvika wote kofia za njano ili tusipotee. Mwenyewe ana kibendera. Macho yake ni ya mwewe. Nitachomokaje na kofia kama ganda la ndizi kichwani?

Tumekunywa supu ya ng'ombe alfajiri. Nzuri, lakini imetiwa sukari! Tumeiona ngome ya zamani. Ni matofali mekundu. Tseng kapiga picha mbele ya kila mzinga, kidole juu, utafikiri vita alipigana yeye. Nikaona hapa hapa. Nikashika tumbo, nikainama, nikasema jamani niacheni nipumzike, endeleeni tu.

Bibi Liao akatoa kwenye mkoba chupa ya dawa ya mizizi. Nyeusi. Akanishika pua mbele ya kundi zima. Tseng akasema, "Meza, mwanangu, utakua." Sikuwa na tumbo la kuumwa. Sasa ninalo.

Mchana, bado Tainan

Ushindi wa kwanza! Tumekula tambi za uduvi (sukari), maandazi ya kamba (sukari tena). Bili ikaja. Nikaiona nafasi ya kujijengea jina mbele ya Bibi Liao. Nikairukia, nikijua Tseng ataninyang'anya, maana Tseng hakubali mtu alipe mbele yake. Tukavutana kama kawaida, karibu na meza tuipindue. Nikapiga kelele kwamba nitaona aibu nisipolipa mimi. Nikamsukuma. Akanisukuma. Halafu simu yake ikaita, au alisema imeita. Akaachia.

Basi nimeshinda. Nimelipia chakula cha basi zima. Bibi Liao kanisifu. Kuei-hua ameitia risiti mkobani.

Jioni, kwenye basi. Tseng anaimba, Mungu atusamehe

NIMEVIPATA!

Niandike yote kwa utaratibu. Mchana tulipewa ruhusa ya kununua vitu katika mtaa wa zamani wenye taa za karatasi. Kuei-hua alichagua mifuko ya turubai, mmoja kwa kila dada yake, na dada zake hawahesabiki. Nikajitolea kuipeleka kwenye basi. Kaihesabu kwanza mmoja mmoja. Halafu kanipa.

Kofia ndani ya shati, mbio!

Tainan si mji, ni fumbo. Vichochoro vinajikunja, vinarudi, vinakutoa ulipoingilia. Na watu wake hawajui majina ya mitaa. Wanajua vyakula! Nilimuuliza mzee mmoja njia ya wachongaji. Kwanza akataka kujua kama nimeshakula. Nikasema nimekula. Akasema nimekula wapi. Nilipomtajia alisikitika sana, akashika mkono wangu kama mtu anayetoa pole msibani. Halafu akanielekeza: pita uji wa samaki, si ule wa kwanza, ule wa mama mnene, kwenye chai ya maboga kata kushoto, ukisikia harufu ya keki za mayai umepitiliza. Nikapotea. Nikamuuliza dada mmoja. Naye akaanza na kama nimeshakula.

Nikatokea nyuma ya kibanda cha supu ya bata, na nani nimemwona, kichwa chote ndani ya jiko la wenyewe, anachungulia sufuria na kunusa viungo? Tseng! Anaiba mapishi! Mtu mzima, Mwenye Chetezo, yuko kwenye matembezi ya hekalu, na anafanya hila. Hana haya hata kidogo. Nikajibanza ukutani mpaka akaondoka, kisha nikaendelea na shughuli yangu.

Duka la Mama Hung. Miungu kila rafu, wengine hawajapakwa rangi, wengine hawana mikono bado. Mama mwenyewe ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nikazunguka mbuyu. Nikasema mimi nina rafiki, ana rafiki. Akanikatiza, akasema sema unachotaka, mwanangu, gundi inakauka.

Nikasema.

Hakushtuka. Kumbe anavyo, huwa anawachongea waigizaji wa opera. Shujaa akirusha vibao jukwaani lazima Mungu amkubalie kila usiku, la sivyo hadithi haiendi. Kimoja kina uzito tumboni, kingine mgongoni. Ukivirusha vyovyote, kimoja chali, kimoja kifudifudi. Ndiyo! Rangi nyekundu iliyochakaa, ndugu kabisa wa vile vya hekaluni. Ana jozi nyingine, ya jambazi. Hiyo inaanguka yote kifudifudi: hapana, daima hapana. Nikasema hiyo haina faida kwangu.

Akanionya. Akasema, "Hivi havina akili, baba. Vinasema ndiyo tu. Hata ukiviuliza kama wewe ni ng'ombe." Nikaviuliza, kwa utani, kama mimi ni ng'ombe. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Tulicheka sana, mimi na Mama Hung. Yeye alicheka zaidi.

Nikachelewa kwenye basi. Wote walikuwa ndani wananisubiri, kofia zao za njano madirishani. Mifuko ya Kuei-hua bado nilikuwa nayo begani. Akauliza basi lilikuwa wapi hata niende saa nzima. Nikasema Tainan ni mji mgumu. Akasema la kuvunda halina ubani, akageukia dirishani.

Aseme atakavyo. Ninavyo mfukoni. Vinagongana taratibu kila basi likiruka tuta. Baba, umesikia?

Jumatano, 26 Februari

Nimejitolea kupiga deki hekalu na kung'arisha madhabahu. Bibi Liao aliangalia nje kama mvua inanyesha samaki. Tangu nimjue hajaniona na ufagio. Alikaa mlangoni akinitazama, anamenya karanga. Nikasugua. Nikasugua tena. Mgongo ukaniuma kweli. Mwishowe akaenda kumfukuza mbwa, nami nikabadilisha vibao. Kufumba na kufumbua!

Vya hekalu nimevifunga kwenye taulo, nimeviweka ndani ya beseni la waridi, rafu ya juu kabisa. Hakuna anayenunua mabeseni ya waridi. Tseng kapita dukani akaniuliza kama nimeshaandaa ile kauli yetu ya ukoo, labda mwakani. Nimemtolea tabasamu la mtu anayejua kitu. Kaniuliza nimekula nini kibaya.

Jumamosi, 1 Machi

MIMI NDIYE MWENYE CHETEZO!

Acha nieleze.

Hekalu limejaa mpaka barabarani. Nyama, matunda, fataki. Bibi Liao akasoma majina. Sheria ni ileile: unarusha, ukipata ndiyo unarusha tena, ukipata hapana unakaa chini. Mwenye ndiyo nyingi mfululizo ndiye. Mama Pan wa mikate ya mvuke akaanza. Huyu huwa anarusha kwa heshima tu, apate hapana yake akaangalie mikate. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Watu wakashangilia. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akatokwa jasho. Akaniangalia, akamwangalia Babu, akauliza jamani nisimame vipi? Ndiyo. Mwishowe mkono ukamlegea, akaketi huku analia kwa furaha.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba vibao ni vya wote.

Wa pili vilevile. Wa tatu, Tseng. Alirusha kwa madaha, mkono mmoja, ndiyo juu ya ndiyo, akawa anawapungia watu. Nilitaka ardhi inimeze. Nimekwenda mpaka Tainan, nimekunywa mizizi, nimelipia basi zima, ili Tseng apate chetezo tena!

Bibi Liao akamsimamisha. Akaviokota vibao, akavipima mkononi kama mtu anayechagua papai sokoni. Akanitazama. Nikatazama dari. Dari letu linahitaji rangi. Kisha akasema leo Babu amefurahi kupita kiasi, basi tusimchoshe kwa kuhesabu, tumuulize moja kwa moja. Akapaza sauti, "Babu, unamtaka Lai Chin-fa, mwana wa mzee Lai, awe Mwenye Chetezo?"

Kimoja chali. Kimoja kifudifudi.

Watu wakalipuka. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kama mtoto. Nilimwona Baba anatundika ile kofia yake, na safari hii hasemi kitu.

Bado nalia, Bibi Liao akarusha tena. Je, Babu anataka opera ya sikukuu, usiku kadhaa mfululizo, kwa gharama ya Mwenye Chetezo? Ndiyo. Watu wakashangilia zaidi. Je, dari lipakwe rangi, na Fa alipake mwenyewe, kwa vile majuzi ameonyesha kipaji cha usafi? Ndiyo. Tseng akadaka vibao. Tseng si mjinga, nakubali, mara moja hii tu. Je, Kaka Fa auandalie mtaa mzima karamu, na bata wote watoke kwangu? Ndiyo! Mama Pan naye akafufuka. Je, atugawie bure mabeseni ya kukandia unga? Ndiyo. Foleni ikaundwa. Watu ambao hawajarusha kibao tangu waoe walikuwa wamesimama foleni kumuuliza Babu juu yangu.

Ningefanya nini? Niseme vibao ni vya uongo? Nikasema Babu akinena, nani mimi nimkatalie. Watu wakasema Fa amekuwa mtu mwema sana siku hizi.

Mwisho wa foleni, Kuei-hua. Hakuwa na haraka. Akapiga magoti, akaviinua vibao juu ya kichwa, akauliza kwa sauti ya kistaarabu kama mume wake aoshe vyombo mpaka sikukuu ijayo.

Hata kutazama sikutazama. Nilisikia tu vikianguka.

Jumapili, 2 Machi

Babu yuko dukani kwangu! Kati ya ndoo na mabeseni, chetezo mbele yake, moshi unapanda vizuri. Watu wameanza kuja kabla sijafungua. Wanachoma ubani, wananipongeza, wanachukua beseni la bure waliloahidiwa na Babu. Foleni imefika mpaka kwa Tseng na kumziba mlango. Nimesimama kizingitini nikaiangalia mpaka chai ikapoa.

Bibi Liao amepita. Kasema nikimaliza kung'arisha vile vibao vya zamani nivirudishe hekaluni, na vile vya maigizo navyo nimpelekee, atawapa watoto wachezee. Akanipigapiga shavuni. Hajashuku chochote, maskini. Uzee huo.

Watu walipotawanyika nimeliteremsha beseni la waridi. Nimepiga magoti mbele ya Babu na vibao vyake vya kweli. Nikauliza: Babu, umenikasirikia? Vyote chali: si ndiyo wala hapana, Babu anacheka. Nikauliza: Baba ameona? Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Nikarudia. Ndiyo. Nikarudia tena, maana siku hizi simwamini mtu. Ndiyo. Nikakaa chini kidogo kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Halafu nikafikiri. Nilikosea wapi? Nilinunua jozi isiyo sahihi, basi. Mama Hung bado ana ile ya jambazi, isiyokubali kamwe. Sikukuu ijayo kila mtu atarusha, kila mtu atapata hapana, na chetezo kitabaki palepale kilipo, kwangu. Na waulize wapendavyo! Fa alipie opera? Hapana. Fa alishe mtaa? Hapana. Jibu la hapana linaweza kumdhuru nani? Nimemuuliza Babu kama nirudi Tainan.

Vyote chali. Anacheka mpaka kimoja kimebingiria chini ya rafu! Hakuna anayecheka hivyo na mtu asiyemuunga mkono. Kesho nakata tiketi, na safari hii sivai kofia.

Kuei-hua ananiita jikoni. Anauliza kama nimepanga kupumzika baada ya vyombo hivi, au tumuulize Babu.