Siku ya Birika Kijijini Skelbeck

Jumatatu, 17 Novemba

Iandikwe, vizazi vijavyo visije kusema havikuambiwa: kuanzia leo saa nne asubuhi, mimi, Clement Ormerod, sitachovya tena biskuti katika chai ya Rosalind Pickersgill. Si ya siagi, si ya maziwa, si ya chokoleti. Uamuzi ni wa mwisho. Hakuna rufaa.

Sababu ninayo. Rosalind ni mhariri wa Kengele, jarida la kijiji chetu. Nakala mia nne, na linasomwa hata na watu wasiosoma kitu kingine chochote. Nilimpelekea makala ya maneno mia tisa. Jinsi Serikali ilivyowanyang'anya wazee posho ya kupasha nyumba joto, kisha ikairudisha huku ikitazama pembeni. Jinsi tunavyoambiwa kila siku kwamba upepo ni wa bure, na bili ikija haina habari hiyo. Na kwa nini boila, yaani tanuri la kupasha joto ukumbi wa kijiji, lisiguswe.

Kengele imetoka leo. Maneno arobaini na moja! Nimehesabu mara mbili. Yamewekwa chini ya tangazo la paka aliyepotea. Paka kapewa na picha.

Nikampigia simu. Akasema nafasi ilikuwa finyu. Nikamwambia huo ndio upendeleo wa vyombo vya habari, unaanzia London na kuishia kwenye paka. Akanijibu kwa sauti ya upole kabisa, "Clem, paka angalau alirudi nyumbani na kunyamaza." Akakata.

Jumanne, 18 Novemba

Baridi kali. Hakuna upepo hata wa kutikisa soksi kambani. Vinu vitano vya upepo juu ya kilima vimesimama kama wageni waliokosea nyumba. Nimevitazama kwa darubini saa nzima. Furaha tupu.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu ijayo kamati ya ukumbi, watu kumi na mmoja, inapiga kura. Hoja ni ya Rosalind: paneli za sola juu ya paa, pampu ya joto ya umeme ukutani, na Agnes azimwe. Agnes ni boila. Wa chuma, wa makaa ya mawe, mkubwa kama ng'ombe aliyelala. Nimemwasha kila asubuhi ya baridi kwa miaka thelathini na moja. Ufunguo wa chumba chake nauvaa shingoni. Siku hizi anakula makaa yasiyo na moshi, maana yale yenye moshi yalipigwa marufuku. Hakulalamika. Agnes hana nyaya, hana programu ya simu, hajui waziri ni nani. Akizimwa, sijui asubuhi nitakuwa nakwenda wapi.

Hilary, mke wangu, naye hajui. Kwa hiyo yuko upande wangu. Ameniambia waziwazi kwamba hana ugomvi na jua wala upepo, ila makaa hayo yananitoa nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na ndoa yetu imefika hapa ilipo kwa sababu hiyo. Nimelipokea kama tamko la kisera.

Hesabu ya kura: wao watano, sisi watano. Mmoja hajaamua. Naye ni Norman Fothergill, rafiki yangu tangu shule, ambaye hukubaliana na yeyote aliyeongea naye mwisho. Lazima niwe mimi.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimepata! Nilikuwa bafuni. Siku ya Birika!

Nchi nzima inalijua hili: mechi kubwa ikifika mapumziko, taifa linainuka kwa pamoja kuchemsha maji ya chai, na mafundi wa umeme wanashika vichwa. Basi, Jumamosi saa kumi kamili alasiri, Skelbeck yote iwashe birika la umeme kwa mkupuo, kila mtu nyumbani kwake. Vinu vimelala. Umeme utayumba. Taa zitafifia. Norman ataona kwa macho yake mwenyewe, na redio ya mkoa itakuwepo kushuhudia. Nimekuwa fundi wa lifti miaka thelathini na minane. Najua kinachotokea mzigo unapozidi.

Redio wamekubali kumtuma mtangazaji, Bi Tamsin Leek. Nilimwambia ni habari ya nishati. Aliuliza kama kutakuwa na wanyama.

Vipeperushi mia mbili. Norman ana mashine ya kuchapa, kwa hiyo nilimsomea maneno kwa simu: "Washeni mabirika yenu saa kumi, kisha tukutane ukumbini." Norman ana sikio moja zima. Simu alikuwa ameiweka kwenye lile jingine.

Ijumaa, 21 Novemba

Vipeperushi vimeshasambazwa. Vinasema: "Leteni mabirika yenu ukumbini saa kumi. Tuchemshe pamoja. Keki zitakuwepo."

Keki! Hakuna aliyetamka keki! Norman anasema alisikia kitu fulani mwishoni, akaona kitakuwa keki.

Rosalind alinikuta dukani. Akanishika mkono mbele ya watu akisema hakujua kama nina moyo wa kukaribisha wenzangu hivyo, na kwamba ataleta biskuti. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba sichovyi. Akasema hakuna aliyeniuliza. Muuza duka alilazimika kuingia stoo kucheka.

Nimeamua kusonga mbele. Birika ni birika, liwe nyumbani au ukumbini. Vinu bado vimesimama. Nilivipungia mkono.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku ya ajabu. Niandike kwa utaratibu.

Saa tisa na nusu walikuwa wameshafika watu sitini na mabirika kumi na tisa. Soketi za ukumbi ni nne. Norman alileta nyaya za kurefushia, akaziunganisha moja kwa nyingine mpaka sakafu ikafanana na bakuli la tambi. Saa kumi kasorobo upepo ukaamka. Vinu vyote vitano! Vikazunguka kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Kwa makusudi.

Saa kumi kamili nikatoa ishara kwa kengele. Mabirika kumi na tisa yakaguna kwa pamoja. Kisha: tap! Giza, maana Novemba kwetu saa kumi jua limeshazama.

Nikapaza sauti, "Mmeona? Taifa limezimika!" Hilary akasogeza pazia. Taa za barabarani zinawaka. Baa inawaka. Nyumba ya Rosalind inawaka kama harusi. Ilikuwa fyuzi ya ukumbi tu.

Watu wakaanza kutafuta makoti. Hapo ndipo nikamkumbuka Agnes. Nikavua ufunguo shingoni, nikafungua mlango wa chumba chake na ule wa moto, na ule mwanga mwekundu ukamwagika ukumbini mpaka kwenye viatu vya waliokaa nyuma. Joto likaja pole pole kama mtu anayejua anapokwenda. Hilary akateleka sufuria kubwa la maji juu ya mgongo wa Agnes, maji yakachemka, chai ikawatosha watu sitini. Rosalind akatoa mishumaa kwenye sanduku la mapambo ya Krismasi. Mtu akaanza wimbo. Bi Tamsin Leek wa redio akaweka chini kinasa sauti, akacheza na Norman mpaka Norman akapoteza kiatu.

Norman akaja kwangu akihema. Akaapa kwamba Agnes hang'oki maadamu yeye yuko hai. Kura ya sita! Machozi yalinitoka. Ni moshi. Ndiyo, najua makaa yenyewe hayana moshi.

Rosalind alisimama kando yangu muda mrefu, uso mwekundu kwa moto. Akasema, lazima akiri, ni joto zuri, lakini paa linavuja, na fundi atakayeweka sola amejitolea kulitengeneza bure. Akanisogezea mkebe. Chokoleti. Nikakataa! Hakuna mwanasiasa wa nchi hii aliyewahi kujinyima kiasi hicho.

Jumapili, 23 Novemba

Redio. Niliongea na Bi Tamsin dakika arobaini: bei za umeme, wizara, paka. Wametangaza sekunde kumi na moja.

Nilichosema: "Kuna watu wanasema bila Rosalind tungekaa gizani. Upuuzi mtupu!" Kilichotangazwa: "Bila Rosalind tungekaa gizani." Kisha wimbo. Kisha hali ya hewa.

Hilary alicheka mpaka akaiacha nyama iungue kwenye oveni. Norman akapiga simu kunipongeza kwa uungwana wangu. Nikamuuliza kuhusu kura. Yuko nasi. Nikamwambia asiongee na mtu yeyote mpaka kesho.

Jumatatu, 24 Novemba

Kura. Hesabu imekamilika: sisi sita, wao watano. Nikakaa nyuma, karibu na dirisha la jikoni, Norman ubavuni mwangu ili asiongee na mtu. Rosalind alikuwa jikoni akimimina chai, maana ilikuwa zamu yake, na kura yake angeipigia hapo hapo dirishani.

Nilipewa nafasi. Nikasoma makala yangu yote, maneno mia tisa, bila paka. Wakapiga makofi! Hata wao! Niliketi nikiwa na joto mwilini kuliko Agnes.

Mwenyekiti wetu, Bwana Lathom, ana tabia ya kuongea na karatasi yake. Akainamisha kichwa, akanung'unika jambo. Wakati huo huo, nyuma ya sikio langu, Rosalind aliyekuwa ameshanyoosha mkono mmoja akatikisa mkebe kwa mwingine na kunong'ona, "Imebaki moja. Nani anaitaka?"

Nikamwona Norman anajiweka sawa. Norman, aliyekwisha kula nne!

Nikainua mkono. Juu kabisa.

Bwana Lathom akahesabu. Sita. Akauliza wanaopinga. Watano. Akasema hoja imepita.

Nilisimama. Nikaeleza kwamba mkono wangu ulikuwa wa biskuti. Mwenyekiti akasema kumbukumbu za kikao hazina sehemu ya biskuti, mkono ni mkono, na kwa kanuni jambo halirudi mezani kabla ya miezi sita. "Kaa chini, Clem, mzee wangu," akasema, "umetufanyia jambo kubwa." Watu wakashangilia. Kuna aliyenibusu.

Rosalind alikuwa mweupe kama chokaa. Akaapa hakusikia mwenyekiti amesema nini, aliwaona tu wenzake wamenyoosha, naye akanyoosha. Namwamini. Akanisogezea mkebe kwa mikono miwili, kama anayekabidhi bendera.

Nikakumbuka kiapo changu. Nikaila kavu. Sikuchovya!

Jumanne, 25 Novemba

Sijashindwa.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda ukumbini kama kawaida. Rosalind alikuwa mlangoni tayari, na koti juu ya nguo za kulalia. Kamati imekaa tena kwa simu. Agnes atabaki chumbani kwake, na atawashwa mara moja kila mwaka, Siku ya Birika. Pampu ya joto inahitaji mtu wa kuitazama kila asubuhi, na wote kumi wamenitaja mimi. Nikamwambia pampu hizo hazihitaji kutazamwa. Akasema anajua, Hilary ndiye aliyeomba.

Nimekubali, kwa lengo la kuipeleleza.

Mpango mpya. Miezi sita si mingi. Mwezi Mei hoja inarudi, na safari hii mkebe nitakuja nao mimi. Bwana Lathom akiuliza wanaotaka Agnes arudi kazini, nitapita nyuma ya wale watano na kunong'ona imebaki moja. Mpango huu hauwezi kuharibika popote. Tangazo la kikao atalichapa Norman. Nimeshamsomea kwa simu.

Biskuti ya jana ilikuwa ya tangawizi. Tangawizi huniletea kiungulia.